Kitabu Kikikupiga Ngumi

Kanuni ya maktaba ile ilikuwa fupi, na hata mtoto wa darasa la kwanza aliweza kuitaja: kitabu kikikupiga ngumi, kirudishe.

Mwenye kanuni alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi uliopita nyuma ya shingo. Uzi aliufunga baada ya kuchoka kuitafuta miwani chumba kizima, kumbe imekaa kichwani mwake na watoto wanamwangalia wakijizuia kucheka. Alikuwa mwalimu wa maktaba katika shule ya msingi yenye watoto wengi kuliko madawati, na watoto hao walimwita Bibi Ngumi. Mtu asiyemjua angedhani ni mkali wa mikono. Hakuwahi kumgusa mtoto hata kwa rula. Jina lilitoka kwenye vidole.

Mtoto akitaka kitabu, alitakiwa akifungue katikati, anyanyue mkono wa kushoto ukiwa wazi, kisha aanze kusoma ukurasa mmoja. Akikuta neno linalomshinda kutamka, au analitamka lakini halimwingii akilini, anakunja kidole. Hilo la pili alilisisitiza sana, maana kuna mtoto anayetamka kila kitu kama redio na hajui amesema nini. Ukurasa ukiisha vidole vyote vimesimama, hilo ni kofi: kitabu ni chepesi, akichukue siku amechoka. Kikilala kidole kimoja au viwili, hicho ndicho kitabu chake. Vitatu au vinne, akisome akiwa na mkubwa pembeni. Vikilala vyote, mkono umekuwa ngumi, na kitabu kinarudi rafuni.

"Hakijakukataa," alikuwa akiwaambia. "Kimesema uje baadaye."

Kabla ya vidole alijaribu rangi. Alibandika vipande vya karatasi kwenye migongo ya vitabu: njano kwa wanaoanza, kijani kwa waliopiga hatua, nyekundu kwa waliokomaa. Haukupita muda, uwanjani yakasikika maneno: "Nipishe huko, wewe bado njano." Akazibandua rangi zote kwa maji ya moto na kisu. Akapanga vitabu kwa rafu: ya mlangoni, ya kati, ya dirishani. Utani ukahamia huko: "Wewe wa mlangoni, funga basi mlango, tunaona baridi." Mtoto ni fundi wa kutafuta mahali pa kumkanyaga mwenzake, na aliyemfundisha ni mtu mzima. Mwishowe mwalimu akavichanganya vitabu vyote, vyembamba kwa vinene, akawaachia watoto vidole vyao. Kidole hakina rangi, na hata mtoto anayeongoza darasa kuna kitabu kitakachompiga ngumi. Hapo utani ukakosa pa kushika.

Ila jina la Bibi Ngumi lilimletea matatizo yake. Asubuhi moja aliingia baba mmoja, fundi mwashi, saruji imemkaukia mpaka kwenye nyusi, sauti yake imetangulia mlangoni.

"Nani hapa anaitwa Bibi Ngumi?"

"Ni mimi, baba. Karibu ukae."

"Sikai. Mwanangu jana karudi nyumbani anasema amepigwa makofi mawili na ngumi moja, tena anacheka. Namuuliza umekosa nini, ananiambia hajakosa kitu, ndio utaratibu. Utaratibu gani wa kumpiga mtoto mpaka anaona raha?"

Mwalimu, ambaye kichwa chake kilimfikia mgeni kifuani, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akachukua kitabu rafuni akampa.

"Fungua katikati. Nyanyua mkono wa kushoto."

"Mimi?"

"Wewe, baba. Soma. Neno likikushinda, kunja kidole."

Fundi mwashi alikifungua kwa hasira, akaanza kusoma kwa hasira, na hasira ikamwishia kwenye aya ya pili. Alipofika mwisho wa ukurasa kidole kimoja tu kilikuwa kimelala. Akageuza ukurasa. Akavuta kiti kwa mguu bila kuinua macho, kiti cha mtoto wa darasa la pili, akakaa magoti yakimgusa masikio. Kengele ya mapumziko ikalia akiwa papo hapo, na watoto wakawa wanampita kama kabati jipya.

"Nimechelewa kazini," alisema alipozinduka. "Hiki naweza kuondoka nacho?"

"Vidole vingapi?"

"Kimoja."

"Basi ni chako. Ila nawa mikono kwanza, hiyo saruji."

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Rafu zilitengenezwa kwa mbao za madawati hayo hayo, kwa hiyo ukitoa kitabu uliweza kukuta chini yake jina la mtu limechongwa kwa bikari, mtu ambaye sasa ni baba wa watoto. Sakafuni palikuwa na zulia lililokatwa kutoka ofisi ya mwalimu mkuu, sehemu iliyobaki nzima. Na katikati ya vitabu vyote kilikuwepo kimoja chenye jalada gumu la buluu, hadithi ndefu ya familia ya mtengeneza saa, kinene kiasi kwamba upepo ukivuma kilitumika kuzuia mlango. Watoto walikiita Tofali. Kila mtoto alitamani kuonekana nacho, na karibu kila mtoto kilimpiga ngumi kabla hajamaliza aya ya kwanza.

Aliyeonekana nacho kuliko wote alikuwa msichana wa darasa la sita, mrefu kuliko walimu wawili, ambaye wenzake walimwita Mlingoti. Alikibeba Tofali kwapani asubuhi, mchana akakiweka mezani juu ya madaftari, jioni akaondoka nacho kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa binti wa kaka yake Bibi Ngumi. Shuleni alimwita mwalimu, nyumbani alimwita shangazi.

Mama yake Mlingoti alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake aliiweka barazani kwake ili wateja wapate pa kukaa na yeye apate watu wa kuongea nao. Yeye na Bibi Ngumi walipendana kwa namna ya mawifi, yaani kwa kuchokozana. Kila Jumamosi mwalimu alikaa chini kwenye mkeka, fundi akakaa juu kwenye kigoda, akamsuka nywele, na kazi yao ikawa kumsema mwanamume waliyemgawana, mmoja kama kaka na mwingine kama mume. Huyo alikuwa fundi baiskeli aliyezitengeneza baiskeli za mtaa mzima, naye akaenda kazini kwa miguu kwa sababu ya kwake ilikuwa inangoja tairi.

"Kaka yako jana kalala na spana mfukoni," fundi cherehani angesema.

"Nilikupa akiwa mzima, wifi. Ukimharibu usinirudishie."

Wangecheka mpaka kitana kianguke. Fundi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mtoto wake na alitaka watu wamwone mtoto wake, na mapenzi ya pili yalikuwa yameanza kuyala ya kwanza. Watu wazima wengi hudhani unene wa kitabu ndio unene wa akili. Akija mteja kupima gauni, fundi alimwita binti apite barazani na Tofali lake, apite tena arudi, kisha akasema kama kwa bahati mbaya, "Huyo wangu, na vitabu vyake. Sijui macho yake yatapona."

Siku moja Mlingoti alilirudisha Tofali akasema amelimaliza.

"Lote?" mwalimu akauliza.

"Lote. Tamu sana. Naomba nilichukue tena nilirudie."

Mwalimu alikichukua kitabu, akakipekua polepole, kama mtu anayetafuta chuya kwenye mchele. Alipofika katikati akasimama. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana pembeni tangu kiwandani, hazijawahi kutenganishwa na mtu. Hewa ilikuwa haijaingia humo, sembuse macho.

Alingoja watoto wengine watoke. Akaziweka kurasa zile mbele ya binti. Mlingoti alitazama zile kurasa, akatazama dirisha, akatazama viatu vyake. Machozi yakaja bila sauti.

"Unasoma vipi darasani?" shangazi akauliza.

"Nasikiliza anayesoma kabla yangu. Nikisikia mara moja nakishika."

"Na ukiitwa wa kwanza?"

"Nasema tumbo linauma."

Bibi Ngumi alikaa kwenye zulia, akamvuta binti naye akae. Aliwahi kuwaona watoto wa namna hii, wenye kumbukumbu kali kiasi kwamba hakuna aliyegundua hawasomi. Werevu wao ndio uliowafichia shida yao. Kilichomuuma ni kwamba huyu alikuwa wa damu yake, alimwona kila siku, akapitwa kama wengine.

"Nisikilize," akasema. "Sitamwambia mtu. Lakini mama yako akiniuliza, sitamdanganya. Sawa?"

"Sawa."

"Haya, sasa tutafute kitabu chako."

Walikitafuta mchana ule. Kila walichokifungua kilimpiga ngumi, mpaka wakashuka kwenye vitabu vyenye picha kubwa na mistari michache, na hapo vidole viwili tu vikalala. Kilikuwa kisa cha kuku aliyegoma kutaga. Mlingoti alikitazama kama mtu aliyepewa viatu vya mdogo wake.

"Shangazi, siwezi kutembea na hiki. Watanicheka mpaka nihame shule."

Hapo alikuwa na haki. Kumpa mtoto kitabu cha kiwango chake ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kumpa sababu ya kukishika mbele za watu bila kuinamisha kichwa. Bibi Ngumi alilifikiria jambo hilo akitembea kwenda nyumbani, na akalifikiria akiosha vyombo, mpaka akakisugua kikombe kimoja mara tatu. Kesho yake akaenda kwa mwalimu wa darasa la kwanza, mama aliyekuwa na watoto wengi darasani kiasi cha kuwaita wote "mwanangu" kwa sababu majina yalimzidi.

"Ukipata mtu wa kuwasomea watoto wako hadithi kila mapumziko ya saa nne, utamkataa?"

"Nitamkataa nini? Nitambusu mikono."

Ndivyo Mlingoti alivyopata kazi. Akipita uwanjani na kisa cha kuku, mwenzake akiuliza mbona unabeba vitabu vya watoto, alijibu kwa madaha, "Ni cha kazi hiki. Ninasomea darasa la kwanza." Na kwa kuwa kazi ni kazi, ilimbidi ajiandae. Kila siku baada ya masomo aliingia maktaba, akafunga mlango, akasoma na shangazi yake pembeni, neno kwa neno, mpaka kuku akamtii.

Watoto wa darasa la kwanza hawana adabu ya kuvumilia. Siku ya kwanza aliruka neno, akadhani limepita. Kasichana kamoja kasiko na meno ya mbele, kalikokuwa kamekaa miguuni pake, kakaweka kidole ukurasani.

"Hapa umeruka."

"Sijaruka."

"Umeruka. Hapa pameandikwa kitu na wewe hujakisema."

"Pameandikwa nini basi?"

"Mimi sijui kusoma. Ila nimeona umeruka."

Darasa zima lilicheka, na Mlingoti naye akacheka, akarudi nyuma, akalisoma. Tangu siku hiyo hakuruka, maana kibogoyo yule alikuwa analinda kila mstari kama mlinzi wa benki. Na alipojua kwamba hawa hawamcheki yeye, wanamcheka kuku, sauti yake ikafunguka. Akaanza kumsemesha kuku kwa pua na mwenye kuku kwa kifua. Watoto walimngoja mlangoni mapumziko hayajafika, wakigombania nani akae juu ya mguu wake.

Kitabu cha kuku kikawa kofi. Akachukua kingine, nacho kikawa kofi. Muhula wa pili ulipokaribia katikati, alikuja maktaba watoto wengine wakiwepo, akafungua kitabu cha saizi ya kati, akasoma kimya, kisha akanyanyua mkono uliofungwa, mbele ya watu wote.

"Mwalimu, hiki kimenipiga ngumi."

Alilisema kawaida, kama mtu anayesema mvua inanyesha. Bibi Ngumi aligeuka upande wa rafu akajifanya anapanga vitabu, kwa sababu miwani ilikuwa imeingia ukungu. Msichana aliyekuwa akibeba Tofali zima asiloweza kusoma mstari wake mmoja, leo amekiri ngumi mbele ya wenzake, na hakuna dari iliyoanguka.

Basi ikakaribia Siku ya Wazazi. Siku hiyo watoto wachache hupanda jukwaani na kusoma mbele ya wageni, na mwalimu wa maktaba ndiye anayeamua nani asome nini. Fundi cherehani alianza maandalizi mapema. Alimshonea binti gauni jipya la buluu, kola nyeupe, na upande wa kulia akaweka mfuko mkubwa usio wa kawaida. Mfuko ule aliupima kwa Tofali, ambalo binti bado alikuwa analipeleka nyumbani kwa ajili ya mama. Alikiweka kitabu juu ya kitambaa, akazungusha chaki, akakata. Wateja waliuliza mfuko wa nini, naye akawaambia: binti atapanda jukwaani, atachomoa kitabu kinene kuliko vyote shuleni, asome bila kugugumia. Aliwaalika wote.

Jumamosi iliyofuata mawifi wakakaa kama kawaida, mmoja mkekani, mwingine kigodani. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshasukwa, mistari imenyooka kama matuta.

"Wifi," fundi akasema, "Siku ya Wazazi mwanangu anasoma kile kinene."

"Atasoma kitabu cha kati, wifi. Kisa cha paka. Kimemkaa vizuri sana."

"Cha kati? Cha kati ya nani na nani?"

"Ya alikotoka na anakokwenda."

"Acha mafumbo, nakusuka hapa. Kile kinene anakijua. Juzi kanisomea ukurasa mzima nikiwa nashona, hakukwama hata mahali."

Mwalimu angeweza kusema tutaona. Angeweza kusema mwalimu mkuu ndiye amepanga. Uongo mdogo wa namna hii watu huuita busara, na nyumba nyingi zimesimama juu yake mpaka siku zinapobomoka.

"Alipokuwa anakusomea," akauliza, "alikuwa anatazama kitabu?"

Vidole vilisimama ndani ya nywele.

"Unasema mwanangu mwongo."

"Nasema ana kumbukumbu ambayo mimi na wewe hatuna. Alikisikia kwa mwenzake akakishika. Kusoma ndio anajifunza, na anakwenda vizuri, wifi. Ungemwona na wale wadogo ungefurahi. Mwakani kile kinene atakisoma kweli."

"Mwakani. Na wateja wangu niwaambie mwakani?"

"Waambie anasoma. Ni kweli."

"Wewe ni shangazi yake au ni askari? Mtoto wa kaka yako. Kwani ukimwachia akaseme ule ukurasa wake, ashuke, watu wapige makofi, nani atakufa?"

"Atakuwa amejifunza kwamba kudanganya kunapigiwa makofi, na mimi ndiye nitakuwa nimemfundisha. Nikiwa na kanuni moja kwa watoto wa watu na nyingine kwa mtoto wa kaka yangu, wifi, hiyo si kanuni. Ni upendeleo tu."

Fundi aliweka kitana chini. Aliinuka, akakung'uta nywele kwenye sketi, akachukua kigoda chake.

"Haya," akasema. "Kanuni yako na ikumalizie hicho kichwa."

Akaingia ndani. Bibi Ngumi alibaki mkekani, upande wa kushoto umesukwa na upande wa kulia umesimama kama umeona mzuka. Kaka yake alitokea na gurudumu mkononi, akamtazama dada yake, akatazama mlango uliofungwa, akaamua kwamba gurudumu lina tatizo kubwa sana huko nyuma ya nyumba.

Jumatatu mwalimu alikwenda shuleni na kitambaa kichwani. Kibogoyo wa darasa la kwanza akauliza, "Bibi Ngumi, kichwa kinaumwa?"

"Hakiumwi. Kimesukwa nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Inasubiri."

Siku ya Wazazi, viti vilijaa. Fundi cherehani alikuja na wateja wake, akaketi nao nyuma, majivuno bado hayajamtoka, kwani alikuwa amemwambia binti nyumbani achague mwenyewe, na alikuwa na uhakika binti atachagua la mama. Mlingoti alipoitwa, alipanda na kundi la watoto wa darasa la kwanza nyuma yake kama vifaranga, wakakaa sakafuni kumzunguka. Akaingiza mkono katika ule mfuko mkubwa. Kitabu cha paka, kwa wembamba wake, kilikuwa kimezama mpaka chini. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, akainama upande, akapapasa. Watu wakaanza kucheka. Alipokitoa, akakinyanyua juu kama aliyevua samaki, na ukumbi mzima ukacheka pamoja naye.

Akasoma. Paka aliingia kwa kinyozi, akapanda juu ya kiti, akakataa kushuka. Sauti ya kinyozi ilitoka kifuani, ya paka ikatoka puani. Watu walisogea mbele vitini. Kisha akafika mahali akasimama. Midomo ilicheza bila sauti. Kule chini kibogoyo alikunja kidole kwa niaba yake, akakinyanyua juu ili wote waone. Mlingoti hakuruka.

"A-ka-m-nya..." akaanza. Akarudi. "A-ka-m-nya-ng'a..." Ukumbi ulikuwa umetulia, hata wanaokula walikuwa wameacha. "Akamnyang'anya," akasema. "Paka akamnyang'anya kinyozi kiti chake."

Watoto wa darasa la kwanza walipiga makofi kama wamefungiwa bao, na wazazi wakafuata. Fundi mwashi aliyekuwa mstari wa pili alisimama kabisa.

Nyuma, mteja mmoja aliinama kwa fundi cherehani. "Si ulisema kile kinene?" Hakuwa na ubaya, aliuliza tu. Fundi alichukua mkoba wake akatoka kabla ya chai. Alipompita wifi yake mlangoni, mwalimu alisema, "Wifi." Fundi akaongeza mwendo.

Kaka yake alijitahidi. Alipeleka salamu zisizotumwa upande huu na kuleta majibu yasiyosemwa upande ule. Mwisho akachoka. "Mmenifanya daraja," akamwambia dada yake. "Kila mmoja ananikanyaga na hakuna anayevuka."

Mwaka uliofuata Mlingoti aliingia darasa la saba. Siku moja alikuja maktaba, akalichukua Tofali lililokuwa linazuia mlango, akalifungua palepale kwenye kurasa zilizogandana. Akapitisha rula katikati yake taratibu mpaka zikaachana. Akanyanyua mkono wa kushoto, akasoma. Ukurasa ulipoisha, vidole viwili tu vilikuwa vimelala.

"Ni changu," akasema.

"Ni chako," akasema shangazi.

Gauni la buluu lilikuwa limemfika juu ya magoti, lakini mfuko ulikuwa ule ule, na Tofali liliingia humo bila kubaki nafasi, kama lilivyopimwa. Kesho yake alileta habari kutoka nyumbani. Alikuwa amekaa barazani akamsomea mama yake, ukurasa baada ya ukurasa, hata zile ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisoma kabla yake.

"Mama kasimamisha cherehani," akasema.

"Kasema nini?"

"Kasema nirudie pale."

"Basi?"

"Basi. Halafu akaendelea kushona."

Bibi Ngumi alingoja Jumamosi ile. Alitandika mkeka mlangoni kwake, labda safari hii wifi angekuja yeye, akajiambia ameutandika kwa ajili ya jua. Hakuja mtu. Mawifi wakikutana barabarani wanasalimiana habari za asubuhi, habari za nyumbani, njema, kila mmoja anashika njia yake. Kanuni yake imebaki kama ilivyokuwa, na watoto wa maktaba ile wanaisema bado.

Ila ilimgharimu Bibi Ngumi wifi yake. Nywele sasa anasukwa saluni.